Mwongozo kamili: kupanga mawasiliano ya kazini katika kampuni ndogo ya Nairobi, kuanzia kundi la WhatsApp hadi simu ya mwanahabari

Tuseme una duka la vipuri vya magari Kirinyaga Road, ghala Eneo la Viwanda, na wafanyakazi ishirini na kitu. Saa tatu usiku unaandika kwenye kundi la WhatsApp la kampuni kwamba bei ya breki pedi inapanda kesho. Muda si muda mtu anatangaza kwamba keshia amefiwa na mama mkwe. Pole zinamiminika, mistari ya Biblia, dua, kisha orodha ya mchango. Asubuhi kijana wa kaunta, ambaye bando lake liliishia kwenye matatu ya Rongai, anauza kwa bei ya jana mpaka saa sita mchana. Ukimgombeza atakuambia hakuambiwa. Wewe utasema uliwaambia wote. Na nyote wawili mtakuwa mnasema kweli.

Kampuni nyingi za mji huu hazikosi mawasiliano. Zinayo kupita kiasi, ila yote yamerundikwa mahali pamoja hadi hakuna anayejua lipi ni agizo, lipi ni habari na lipi ni soga. Kununua programu nyingine hakutasaidia chochote kama hamjakubaliana mambo matatu kuhusu kila ujumbe: unakwenda wapi, unatumwa saa ngapi, na nani anawajibika nao. Hatua zifuatazo zinalenga kampuni ya watu kumi hadi hamsini, ile isiyo na idara ya mawasiliano wala afisa wa uhusiano mwema. Zifuate kwa mpangilio, maana ya nne haiwezekani kabla ya ya pili.

Hatua ya 1: Orodhesha mikondo yote, hata ile unayoidharau

Chukua karatasi. Muulize kila mtu, kuanzia mhasibu hadi askari wa lango na mama wa chai, habari za kazi humfikia kupitia wapi. Usiwaulize wakubwa peke yao. Wakubwa hutaja barua pepe hata pale ambapo hakuna anayeifungua. Kwa kila mkondo andika nani yumo, nani admini, na mambo gani hupitia pale.

Utakachokuta huenda kisikufurahishe. Kundi lililoundwa kupanga sherehe ya Krismasi ndilo sasa linalopanga madereva. Dereva aliyeacha kazi na kuhamia kwa mshindani wenu bado anasoma bei zenu kila asubuhi. Nambari za wateja wakubwa zimo kwenye simu binafsi ya muuzaji mmoja, na siku atakayoondoka ataondoka nazo. Pia yaelekea wafanyakazi wana kundi lao ambalo bosi hamo. Hilo liache. Usiulize limeandikwa nini wala usipenyeze mpelelezi. Mtu akinyimwa pa kukulalamikia faraghani, atakulalamikia hadharani.

Hatua ya 2: Kipe kila jambo makao yake

Hii ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo ipe muda. Kaeni watu watatu au wanne, mmoja wao atoke ghalani, mgawanye hivi:

Simu ya sauti ni ya dharura. Lori limekwama Mlolongo, stima zimepotea, kanjo, yaani askari wa kaunti, wamefika dukani na wanataka kuona leseni. Anayepiga apokelewe, na asiyepokea apige mara tu anapoona.

WhatsApp ni ya jambo la leo. Kipimo chake ni rahisi: ikiwa kesho kutwa kuna mtu atahitaji kuutafuta ujumbe huo, basi haukustahili kuwa WhatsApp.

Barua pepe ni ya chochote chenye pesa, tarehe au ahadi. Bei mpya, likizo, agizo kwa msambazaji, punguzo alilopewa mteja. Mkikubaliana kwa simu au kwenye chai ya saa nne, yule aliyekubali aandike siku hiyo hiyo: "Kama tulivyozungumza leo, tutaleta mzigo Alhamisi na mtalipa nusu siku hiyo." Sentensi moja tu. Ubishi mwingi wa mwisho wa mwezi hutokana na kukosekana kwa sentensi hiyo.

Ubao wa matangazo ni wa kila mtu. Najua wapo watakaocheka. Lakini mtu wa ghala mwenye simu ya vibonye hana WhatsApp, na karatasi iliyobandikwa pale anaposaini kuingia ataisoma akitaka asitake. Kila tangazo liwe na tarehe na saini, na siku yake ikipita libanduliwe. Ubao wenye matangazo ya mwaka jana hausomwi na mtu.

Ana kwa ana ni kwa makosa ya mtu, kunyimwa nyongeza ya mshahara, taarifa ya kifo kwa mhusika, na kuachishwa kazi. Hapo hapana mbadala.

Kisha zungumzeni gharama, jambo ambalo mabosi wengi hulipita kimya. Ukimtaka kijana wa kaunta awe kwenye kundi la kazi, mlipie bando. Huwezi kumdai mtu asome maagizo kwa pesa yake ya nauli. Vilevile kampuni iwe na laini na simu yake kwa ajili ya wateja, simu isiyotoka kaunta. Weka humo WhatsApp Business, ambayo haina malipo: utapata lebo za kutenganisha wateja waliolipa na wanaodaiwa, majibu yaliyoandikwa tayari, na ujumbe unaojituma wenyewe mkiwa mmefunga. Muhimu zaidi, nambari za wateja zitakuwa mali ya kampuni.

Hatua ya 3: Makundi matatu yanatosha

La kwanza liitwe Matangazo. Kwenye mipangilio, ruhusu maadmini pekee waandike. Wawe wawili: wewe na mtu mmoja atakayeshika wewe usipopatikana. Wengine wakishasoma wabonyeze dole gumba, basi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mtu anaweza kuzima alama za buluu kwenye mazungumzo ya watu wawili, lakini kwenye kundi hazizimiki. Bonyeza ujumbe wako kwa muda, fungua maelezo yake, utaona nani ameusoma na nani bado. Meneja aifanye hiyo kila asubuhi kabla duka halijafunguliwa, na asiyesoma aambiwe kwa mdomo. Hapo ndipo ile habari ya breki pedi ingetatuliwa.

La pili ni la Zamu, kwa kazi ya siku: nani yuko wapi, mzigo gani umetoka, nini kimepungua. Hakuna salamu za Jumapili humo, hakuna video za siasa.

La tatu ni la Baraza. Pongezi, pole, michango, utani. Kuingia ni hiari, na kutoka pia ni hiari.

Michango inataka maneno yake. Nairobi hatuachani kwenye msiba wala harusi, na afisi isiyochangiana ni afisi ya wapita njia. Tatizo liko kwenye ile orodha inayonakiliwa na kutumwa upya kila mtu anapotoa, jina na kiasi, huku meneja akiwa juu na elfu tano. Tarishi akiiangalia anajua kwamba mia mbili yake itasomwa na wote, na kunyamaza kwake pia kutasomwa. Weka mweka hazina mmoja na utumie ujumbe wa namna hii: "Mwenzetu amefiwa na mama mkwe. Mazishi ni Ijumaa, Kakamega. Mwenye kujaliwa atume kwa mweka hazina kufikia Jumatano jioni. Hatutachapisha majina wala kiasi. Jumla itatangazwa Alhamisi." Mkitaka kiwango cha lazima, basi kiwe mfuko wa ustawi wenye katiba na makato yaliyokubaliwa kwa saini. Kuchanganya lazima na hiari ndiko kunakoleta chuki.

Hatua ya 4: Andika ujumbe unaoweza kutekelezwa

Tumelelewa kusalimiana kabla ya kuingia kwenye shughuli, na ni vizuri. Ila mtu anaandika "Habari" peke yake, ananyamaza, anangoja "Nzuri" irudi, kisha baada ya nusu saa ndipo anasema lori halijafika. Weka salamu na shida kwenye ujumbe mmoja:

"Habari ya asubuhi, Madam. Gari la mzigo wa Thika halijafika ghalani. Naomba ruhusa nitume pikapi badala yake kabla ya saa nne. Nisipopata jibu kufikia hapo, mzigo utaondoka kesho."

Una heshima, una shida, una ombi, una saa, na unaeleza kitakachotokea akikaa kimya. Mkubwa anaweza kuujibu kwa neno moja akiwa kwenye foleni ya magari.

Tangazo nalo lianze na kichwa chake: "BEI MPYA. Kuanzia Jumanne, saa 2:00 asubuhi, breki pedi za Probox zitauzwa kwa bei iliyo kwenye orodha ya barua pepe ya leo. Bei ya zamani isitumike hata kwa mteja aliyepiga simu jana. Mwenye swali amuone meneja wa kaunta leo kabla ya kufunga."

Kuhusu saa, kuwa mwangalifu sana. Ukiandika "tukutane saa 3" bila kutaja asubuhi au alasiri, nusu ya watu watakuja saa tatu asubuhi na nusu watakuja saa tisa, maana simu zao zinaonyesha 3:00 alasiri. Taja wakati wa siku, na kwa wateja na wageni ongeza tarakimu za saa ishirini na nne: saa 3 asubuhi, 09:00. Ni herufi chache tu.

Ujumbe wa sauti usiwe na agizo. Wa dakika nne hauwezi kutafutwa, hauwezi kusikilizwa mbele ya mteja, na jambo lenyewe huwa limejificha dakika ya tatu. Anayependa kuongea apige simu.

Lugha? Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kwa hiyo usione Kiswahili kwenye memo kuwa ni kujishusha. Mimi huamua kwa kumtazama msomaji wa mwisho: kama agizo litatekelezwa na dereva, liandikwe katika lugha anayoifikiria dereva. Sheng iachwe Baraza, huko ina raha yake. Kuhusu lugha za nyumbani, mkiwa wawili zungumzeni mpendavyo, lakini akiongezeka wa tatu asiyeielewa, badilisheni papo hapo. Katika mji ambao mtu huhesabu nani ameajiri watu wa kwao, kikao cha dakika kumi kwa lugha asiyoielewa mmoja wenu kinaweza kuharibu imani iliyojengwa kwa miaka.

Hatua ya 5: Mkifunga duka, fungeni na kundi

Anayetoka kazini saa kumi na moja jioni akielekea Kitengela au Githurai anaweza kufika nyumbani saa mbili. Ukimtumia kazi saa tatu, umemkuta akiwa na saa moja tu ya kuwaona watoto. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Mwaka 2022 Seneta Samson Cherarkey aliwasilisha mswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu ujumbe wa kazi nje ya saa zake, na waajiri wakaupinga. Huna haja ya kungoja Bunge likufundishe adabu.

Kanuni iwe hivi: kundi la Zamu hulala saa kumi na mbili jioni na kuamka saa moja asubuhi. Ukikumbuka jambo usiku, liandike na uliache kama rasimu. Barua pepe unaweza kuipangia ijitume asubuhi. Dharura hupigiwa simu, na anayepiga simu usiku hufikiri mara mbili. Mfanyakazi anayepokea ujumbe usiku ajue anaruhusiwa kujibu hivi: "Nimepokea, Madam. Nitaishughulikia kesho saa mbili nikifika. Kama haiwezi kungoja, tafadhali nipigie."

Hatua ya 6: Vikao vifupi, kumbukumbu fupi zaidi

Sitakaa hapa sana. Kikao kisicho na ajenda kisifanyike. Mdogo kwa cheo azungumze kwanza, kwa kuwa bosi akishatoa maoni yake wengine wote watakubaliana naye na utakuwa umepoteza saa nzima. Kumbukumbu ziwe na safu tatu: nini kimeamuliwa, nani atafanya, lini. Zitumwe kwa barua pepe siku hiyo hiyo.

Na kama kuna habari mbaya, iwe ni kufunga tawi, kuchelewa kwa mshahara au kupunguza watu, itangaze kabla ya chai ya saa nne. Baada ya chai itakuwa imeshatangazwa, tena ikiwa imetiwa chumvi.

Hatua ya 7: Maneno makali yana utaratibu wake kisheria

Usimkosoe mtu kwenye kundi. Ujumbe kama "Nani huyu mzembe ameacha ghala wazi?" hausomwi na mzembe pekee, wengine ishirini wanausoma, na mmoja wao anapiga picha ya skrini. Mwite pembeni, mweleze kosa, msikilize, kisha andika mlichokubaliana.

Kufuta mtu kazi kwa WhatsApp ni kujitafutia kesi. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au ulemavu wa mwili unaomzuia kufanya kazi, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na asikilize utetezi wao. Hata kwa kosa kubwa linalostahili kufutwa papo hapo, lazima asikilizwe kwanza. Mwajiri anayeruka hatua hiyo anaweza kuamriwa na mahakama kulipa fidia ya hadi mishahara ya miezi kumi na miwili, hata kama mfanyakazi aliiba kweli. Basi fuata hivi: mpe barua inayotaja kosa, mpe siku za kujiandaa, mwambie ana haki ya kuja na mwenzake, sikiliza, andika yaliyosemwa, wote watie saini, kisha ndipo uamue. Kama anaelewa Kiswahili zaidi, kikao kiwe kwa Kiswahili. Kiingereza cha kutisha hakitakusaidia mbele ya hakimu.

Jambo jingine kwa mwenye wafanyakazi ishirini au zaidi: kifungu cha 6 cha sheria hiyo kinakutaka uwe na sera iliyoandikwa dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Maneno na picha pia zinahesabika. Kwa hiyo yale "mambo ya watu wazima" yanayotumwa Baraza Ijumaa jioni si utani mbele ya sheria, na admini anayecheka na kuyapitisha ajue hivyo.

Hatua ya 8: Picha na nambari za watu si zako

Sheria ya Ulinzi wa Data ilianza kutumika Novemba 2019, na Afisi ya Kamishna wa Data imeonyesha kwamba haitanii. Mwaka 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kilabu kimoja kilitozwa Sh1.85 milioni kwa kuanika picha ya mteja bila ridhaa yake. Kampuni ya mikopo ya simu nayo ilitozwa Sh2.975 milioni kwa kutumia majina na nambari za watu ilizopata kwingine kuwatumia jumbe za vitisho. Kwa kampuni ndogo, faini kama hizo ni kufunga milango.

Fanya haya. Kabla ya kuweka picha ya mfanyakazi au mteja kwenye Facebook au TikTok, pata ridhaa ya maandishi. Ujumbe wa "sawa, itumieni" unatosha kuanzia. Usitume picha ya risiti ya M-Pesa yenye jina na nambari ya mteja kwenye kundi. Msomee keshia nambari ya muamala. Video ya kamera za ulinzi ikimwonyesha "mwizi" ipelekwe polisi, wala isipostiwe. Mtu akiacha kazi, siku hiyo hiyo aondolewe kwenye makundi, nywila zibadilishwe, na simu ya kampuni irudishwe. Dereva akinyang'anywa simu yenye anwani za wateja, atoe taarifa papo hapo bila kuogopa kukatwa mshahara, kwani ikiwa data imefikiwa na kuna hatari ya kweli kwa wenyewe, una saa 72 tu za kumjulisha Kamishna tangu ulipojua.

Hatua ya 9: Mteja anapokuanika mtandaoni

Wakenya wa X hawalali, na mteja aliyeuziwa bearingi feki ataweka picha, risiti na eneo la duka. Saa ya kwanza ndiyo yenye uzito.

Kwanza, mtu mmoja tu ajibu. Wafanyakazi wengine wasiingie kukutetea kwa akaunti zao. Wataitwa wapambe wa kampuni na moto utaongezeka. Pili, usifute maoni wala kumfungia mteja. Tatu, jibu hadharani kwa ufupi:

"Pole sana kwa usumbufu huu. Tumeona ujumbe wako na tunafuatilia sasa hivi. Tutakujibu hapa kabla ya saa kumi jioni leo. Tafadhali tutumie nambari ya risiti kwa ujumbe wa faragha."

Ikifika saa kumi, jibu, hata kama huna jipya zaidi ya "bado tunafuatilia, tutarudi kesho saa nne". Kutokutimiza ahadi ya pili ndiko kunakomgeuza mteja mmoja aliyekasirika kuwa wanunuzi elfu wenye shaka. Kosa likiwa lenu, semeni ni lenu, rudisheni pesa, na mseme hapo hapo mlipolaumiwa kwamba zimerudishwa.

Usitishie polisi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya kashfa kuwa kosa la jinai. Kwa kashfa yenyewe kilichobaki ni kesi ya madai, ambayo ni ndefu na ya gharama. Kama amesema uongo unaoumiza biashara, muone wakili kimyakimya, na hadharani uonyeshe ushahidi wako kwa upole.

Akikuandikia kwa Sheng, mjibu kwa Kiswahili chepesi. Kampuni inayojaribu kuongea kama vijana wa Kayole huchekwa, tena kwa haki.

Hatua ya 10: Mwanahabari akipiga simu

Anayepokea simu ya kaunta awe na karatasi yenye maneno haya karibu yake: "Asante kwa kupiga. Naomba jina lako, chombo unachofanyia kazi, unachotaka kujua hasa, na habari itatoka lini. Msemaji wetu atakupigia kabla ya saa kumi." Asiongeze kitu, hata kama mwanahabari ni mchangamfu.

Jua saa zao. Taarifa za Kiswahili kwenye runinga husomwa saa moja jioni, za Kiingereza saa tatu usiku. Anayekupigia saa tisa alasiri akiandaa ya saa moja hana subira, na ukikaa kimya atatangaza kwamba "juhudi za kupata kauli ya kampuni hazikufua dafu". Sentensi hiyo husikika vibaya kuliko karibu kauli yoyote ambayo ungetoa. Kama huwezi kueleza kila kitu, eleza mnachojua, mnachofanya, na lini mtasema zaidi.

Andaa wasemaji wawili, na angalau mmoja aweze kuzungumza Kiswahili sanifu redioni bila kugugumia. Wateja wako wako Radio Citizen, Radio Jambo na Radio Maisha, kwenye matatu na kwenye gereji. Mkurugenzi anayejua maneno ya kazi yake kwa Kiingereza tu ataanza kutafuta maneno hewani. Afanye mazoezi ya majibu matatu mafupi, kwa sauti, mbele ya mtu atakayemkatiza.

Usiseme jambo halafu uombe lisiandikwe. Kama hutaki litoke, lisitoke kinywani. Na ukiitisha mkutano na wanahabari, chai na maji yanatosha. Bahasha ya "nauli" inakiuka kanuni za maadili ya wanahabari zilizowekwa chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013, na inakuweka wewe mikononi mwa aliyeipokea. Habari ikiwa na makosa, andikia mhariri kwanza ukitaja kosa moja moja. Akikataa kurekebisha, sheria hiyo hiyo imeunda Tume ya Malalamishi ya vyombo vya habari, ambayo itakusikiliza.

Hatua ya 11: Karatasi moja, na namna ya kumrudi bosi

Andika yote mliyokubaliana kwenye ukurasa mmoja. Ukizidi mmoja haitasomwa. Isomwe kwa sauti kwenye kikao, ibandikwe ubaoni, na kila mfanyakazi mpya apewe pamoja na mkataba wake. Sheria ya Ajira inataka mkataba uelezwe kwa lugha anayoielewa mtu asiyeweza kuusoma, na karatasi hii ifanyiwe vivyo hivyo: saini mbili, nakala moja abaki nayo.

Kanuni zikivunjwa, wa kwanza kuzivunja mara nyingi ni mwenye kampuni. Ataandika saa nne usiku, atatuma ujumbe wa sauti wa dakika sita, atamgombeza mtu kundini. Hakuna mfanyakazi wa Nairobi atakayemwambia mwajiri wake mbele ya watu kwamba amekosea, na si vyema kumtarajia afanye hivyo. Kwa hiyo mchague mapema mtu mmoja, mara nyingi katibu au mhasibu wa siku nyingi ambaye mkubwa humsikiliza, na mumwandike kwenye karatasi yenyewe kwamba kazi yake ni kumkumbusha. Amkumbushe kwa faragha na kwa heshima: "Mzee, ule ujumbe wa jana usiku nimeuhamishia barua pepe ya leo asubuhi ili watu wa ghala waupate. Ule wa kwanza ungeufuta, tafadhali." WhatsApp humruhusu kuufuta kwa wote kwa muda wa kama siku mbili baada ya kuutuma, kwa hiyo katibu asingoje hadi Jumatatu.